Usinunue Kibandiko: Vidokezo vya Kuchagua Vani ya Fowili kutoka Japani

Vani yangu ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi, na kwenye mlango wa nyuma iliandikwa "4WD" kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa akazisoma. Dalali aliniambia, "Mzee, hii inapanda ukuta." Aprili ikafika, mvua ikashuka Uasin Gishu kama ijuavyo kushuka, nami nikaondoka Eldoret kupeleka mbegu na mbolea upande wa Moiben. Kilomita chache baada ya kuiacha lami, tairi za nyuma zikaanza kuzunguka na kurusha tope hadi kwenye ua wa watu. Za mbele zikatulia tuli, kama wageni wanaosubiri chakula. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe akainama, akachungulia uvunguni, akainuka taratibu. "Mzee," akasema kwa upole, "huku mbele hakuna kitu."

Kumbe ile "4WD" ni kibandiko kinachouzwa mjini kwa bei ya soda na mandazi. Tangu siku hiyo nimelala chini ya vani nyingi kuliko nilivyolala chini ya miti, na haya ndiyo niliyoyaokota huko chini.

1. Soma chesisi, kisha hesabu tano

Usianze na mlango wa nyuma. Anza na namba ya chesisi. Toyota huandika ukoo mzima wa gari kwa herufi chache na tarakimu mbili au tatu. Chukua HiAce hii ya kisanduku, ile inayoitwa "box" kila steji. Herufi za mwanzo ni injini, na H ya mwisho ni HiAce yenyewe: KDH ni dizeli ya KD, GDH ni dizeli ya GD, TRH ni petroli ya TR. Halafu zinafuata tarakimu tatu, nawe itazame ya mwisho tu. Ikiwa kati ya 0 na 4, tairi za nyuma peke yake ndizo zinazosukuma. Ikiwa kati ya 5 na 9, zote nne zinasukuma, yaani ni fowili.

KDH201 ni ya tairi mbili. Ndugu yake wa fowili ni KDH206. TRH214 ana ndugu TRH219. TRH224 ana TRH229. GDH201 ana GDH206. Tofauti ni tano kila mara, na ukishaizoea unaweza kulihukumu gari ukiwa bado unakunywa chai ukisoma tangazo kwenye simu. Noah na Voxy nazo zina tabia hiyo hiyo: AZR60 ni ya tairi mbili, AZR65 ni fowili, ZRR70 na ZRR75, ZRR80 na ZRR85.

Nissan wana hesabu yao. Kwenye Caravan ya mwili wa E26, VW2E26 ni dizeli ya tairi mbili na VW6E26 ni dizeli ya fowili.

Tahadhari moja ndogo kwa Wakenya wenzangu: kuna magari yenye namba za usajili zinazoanza KDH, na kuna chesisi zinazoanza KDH. Nimeshuhudia mtu akiapa kwamba gari lake ni la dizeli kwa sababu "si unaona namba yenyewe ni KDH?" Lilikuwa Vitz.

2. Piga magoti

Namba ikikupendeza, bado shuka chini, maana kuna magari yaliyobadilishwa viungo njiani. Kwenye HiAce ya fowili utakuta difu mbele, katikati ya tairi mbili, na kutoka hapo shafti mbili fupi zinakwenda kulia na kushoto zikiwa zimevalishwa vibuti vya mpira. Tena utaona propela mbili: moja inakwenda nyuma na nyingine inakuja mbele. Kwenye ya tairi mbili, mbele kuna uwazi unaoweza kupitisha kuku. Muuzaji akikuambia "usichafue nguo, mzee, niamini mimi," chafua nguo.

3. Jua ukoo, kwa sababu majina ya steji hayafuati vitabu

Kwa miaka mingi hapa Kenya matatu yoyote ya abiria 14 iliitwa "Nissan", hata kama ni Toyota. Sababu ni Nissan Caravan na pacha wake Homy wa mwili wa E24, uliotoka Japani mwaka 1986 na kuendelea hadi 2001. Zilijaa barabarani kiasi kwamba jina la kampuni likawa jina la kitu. Bado kuna akina mama sokoni wanaosema "nilipanda Nissan" wakimaanisha HiAce ya juzi.

Kabla yake, kwenye njia za Bonde la Ufa, mfalme alikuwa Peugeot 504 ya stesheni wagoni, nayo ilikuwa ikisukumwa na tairi za nyuma tu na ilifika kote huko. Nalisema mapema ili tusije tukadhani babu zetu walikwama miaka yote wakisubiri Mjapani.

HiAce yenyewe ilizaliwa 1967. Wengi wetu tunaanza kuikumbuka kwenye kizazi cha nne, mwili wa H100, uliotoka 1989. Pua yake imelala kama ya papa, ndiyo maana tukaiita "Shark". Shark ilikuja na injini za aina nyingi sana. Za kukumbuka ni dizeli za 3L na 5L zisizo na tabo, na 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye tabo. Hapa ile hesabu ya tano huyumba kidogo lakini mantiki ni ile ile: KZH100 ni ya tairi mbili, KZH106 ni fowili, LH172 ni ya tairi mbili, LH178 ni fowili. Shark ya kifahari ilikuwa Super Custom, yenye mapazia na viti vya kuzunguka, gari la harusi na la mheshimiwa. Ukiiona leo ikiwa na namba ya zamani na bodi isiyo na kutu, mwenye nayo hauzi. Akiuza, muulize kwa nini.

Agosti 2004 ikaja H200, hii box. Ni mwili mmoja ambao umekaa zaidi ya miaka ishirini sokoni Japani, ukipakwa poda tu kila baada ya muda. Hapo ndipo watu wanadanganywa, kwa kuwa box ya 2005 na ya 2018 kwa mbali zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ilikuwa na dizeli ya 2KD ya lita 2.5. Agosti 2007 ikapewa 1KD ya lita 3.0, na hapo ndipo KDH201 na KDH206 zilipozaliwa. Ukionyeshwa KDH200 au KDH205, jua unatazama lita 2.5 za mwanzo. Mwaka 2010 uso ulibadilishwa, taa na grili. Desemba 2013 uso ukabadilishwa tena, na baadhi zikapata taa za LED. Desemba 2017 yakaja mageuzi makubwa ya tumboni: dizeli mpya ya 1GD ya lita 2.8, giaboksi ya otomatiki ya gia sita, na mfumo wa usalama wa Toyota unaoweza kufunga breki wenyewe ukiona hatari mbele.

Ile HiAce yenye pua ndefu iliyotoka 2019 ni mwili mwingine, H300. Japani wenyewe hawakuipokea kuchukua nafasi ya box. Waliuza toleo lake la kifahari kwa jina GranAce, na box ikaendelea kama kawaida. Kwa hiyo ukiwa kwenye yadi ya magari ya Japani na umetaja HiAce, unaongelea box.

4. Super GL si basi

Hiki ndicho kidokezo kilichowagharimu wengi, nami nakipa nafasi.

Mkenya akisikia "Super GL" anasikia "ya juu kabisa, ya abiria". Ya juu ni kweli. Ya abiria, hapana. Super GL huko Japani husajiliwa kama gari la mizigo. Ina viti vitano tu: viwili mbele na benchi moja nyuma, halafu uwanja mtupu. Imepambwa ndani, vioo vya nyuma ni vyeusi, bampa zina rangi ya bodi, viti ni vya kitambaa kizuri, kwa sababu Mjapani anayeinunua ni fundi au mvuvi wa wikendi anayetaka kubeba vifaa kwa starehe. Ukiinunua kwa ajili ya kanisa au shule, jiandae kununua viti vyote vya nyuma, kuvifunga, kupeleka gari kwenye ukaguzi wa NTSA na kurekebisha logibuku.

DX ndiyo ya kazi. Bampa nyeusi zisizopakwa rangi, ndani plastiki na bati, na huja na viti vitatu, sita au tisa kutegemea kazi iliyokusudiwa. Ipo DX ya "GL Package", ambayo ni DX iliyovaa suti: bampa za rangi na urembo kidogo, lakini moyo ni ule ule. Madalali wanaipenda sana hii, kwa kuwa huweza kuitaja "GL" haraka haraka, wakalimeza lile neno "package".

Unayotaka kwa abiria ni mojawapo ya hizi tatu: Wagon GL yenye viti kumi, Grand Cabin yenye viti kumi na nafasi kubwa zaidi, au Commuter yenye viti 14 tangu kiwandani. Wagon na Grand Cabin zinatumia petroli ya lita 2.7. Commuter ipo ya petroli na ya dizeli.

Herufi baada ya zile tarakimu tatu inakuambia yote haya bila kelele. V ni vani ya mizigo. K ni vani kubwa zaidi. W ni wagoni ya abiria. B ni basi, yaani Commuter. Kwa hiyo TRH229W ni nini? Petroli, fowili, wagoni: Grand Cabin. KDH206V ni dizeli ya lita 3.0, fowili, vani. Umeshahitimu.

Nissan wana mtego kama huo. Premium GX ya Caravan ndiyo Super GL yao: nzuri, ya viti vitano.

Na lile jina Regius Ace lisikutishe wala lisikupandishie bei. Ni HiAce ile ile, iliyouzwa na maduka ya Toyota ya mtandao mwingine huko Japani hadi 2020. Spea ni zile zile.

5. Pima upana kabla ya kupima bei

Box nyembamba ina upana wa milimita 1,695 na urefu wa 4,695. Wagon GL ina upana wa 1,880 na urefu wa 4,840. Ile ndefu ya Commuter na Grand Cabin inafika 5,380. Tofauti ya sentimita 18.5 upande hadi upande haionekani kwenye picha, ila abiria wa kiti cha kona ataijua tangu Eldoret hadi Nairobi, bega lake likiwa limegandamana na kioo. Lakini hiyo ndefu, ikigeuka kwenye njia ya shamba huko Kapcherop, utashuka mara mbili kupima.

6. Usitafute kitufe

Watu huingia ndani ya HiAce ya fowili, wanatafuta kitufe au gia ya pili ndogo, hawaioni, wanatoka wakisema ni feki. Box ya fowili haina kitufe. Inafanya kazi muda wote. Katikati yake kuna kifaa kilichojazwa mafuta mazito ya silikoni. Gari likienda vizuri, kinakaa kimya. Tairi za nyuma zikiteleza na kuanza kuzunguka kwa kasi kuliko za mbele, yale mafuta yanasukwasukwa, yanapata joto, yanakuwa magumu, na nguvu inavutwa hadi mbele. Dereva hagusi kitu.

Kutokana na hilo, mambo mawili. La kwanza: tairi zote nne ziwe saizi moja na zimechakaa sawasawa. Sisi tuna mazoea ya kununua tairi mbili za mtumba kutoka Japani, tunaweka nyuma, za mbele tunaziacha na upara wao. Kwenye fowili hii, tofauti hiyo inakifanya kile kifaa kidhani tairi zinateleza siku nzima, hata kwenye lami kavu ya Burnt Forest. Kinachemka, kisha kinakufa. Box nyembamba huvaa 195/80R15. Nunua nne, ulie mara moja.

La pili ni kipimo cha bure. Kabla ya kulipa, tafuta uwanja mkavu wa saruji, kata usukani hadi mwisho, uende polepole sana kwa duara. Gari likisitasita na kurukaruka kama mtu ameshika breki, kile kifaa kimeganda. Ondoka.

7. Fowili ya HiAce ni ya utelezi, haikuumbwa kupanda mawe

Ilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Hokkaido na milima ya kaskazini. Haina gia ya chini ya kupandia majabali, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Kwenye tope jekundu linaloteleza inakupeleka nyumbani. Kwenye mifereji iliyochimbwa na malori ya mbao hadi magotini, tumbo litakaa chini na tairi zote nne zitazunguka pamoja kwa umoja wa kupendeza, bila kwenda popote.

Na fowili haishiki breki. Ukishuka Tambach kuelekea Bonde la Kerio, au ile miteremko ya Chesoi kwenda Tot, tairi nne zinazosukuma hazikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni gia ndogo, breki nzima na akili tulivu.

8. Hapa juu, tabo ni oksijeni

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten iko juu zaidi, karibu mita 2,400. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa gari lilikoshukia. Wanariadha wanakuja kuitafuta hewa hiyo kutoka dunia nzima, lakini dizeli isiyo na tabo haikuja kufanya mazoezi. Injini ya 3L au 5L iliyokuwa na nguvu bandarini itaanza kuvuta pumzi na kutoa moshi mweusi ikifika Timboroa na mzigo. 1KD na 1GD zina tabo, nazo hulipia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Lakini dizeli za kisasa za Japani zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linahitaji joto la safari ndefu ili lijichome na kujisafisha. Dizeli yenye salfa kidogo tunayo. Afrika Mashariki ilihamia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Tatizo ni mwendo. Fikiria vani ya kocha: alfajiri inatambaa nyuma ya wakimbiaji kwenye murram ya Kaptagat au Moiben ikiwa na chupa za maji, kilomita thelathini na zaidi, haiachi gia za chini, kisha inarudi kulala. Chujio linajaa masizi, taa inawaka. Kwa kazi kama hiyo mimi ningenunua petroli ya lita 2.7 ya fowili na kuvumilia pampu. Kwa anayekwenda Nakuru na kurudi kila siku, dizeli haina mpinzani.

9. Gari la theluji lina chumvi kwenye mifupa

Fowili nyingi zilinunuliwa na watu wa maeneo ya baridi, na barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa majira ya theluji. Juu bodi inang'aa, chini imeliwa. Chukua bisibisi, gonga chesisi, mabomba ya breki na sehemu za kushikia springi. Sauti ya bati jembamba au unga mwekundu mkononi ni jibu tosha.

Ukiagiza mwenyewe, dai karatasi ya mnada ya Kijapani. Ule mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi una herufi: A ni mchubuko, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa na rangi ikaacha mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. X ni kipande cha kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Alama ya jumla ikiwa R, gari hilo liligongwa likatengenezwa. Ajenti akikwambia karatasi "imepotea kwenye meli", na pesa zako zipotee kwenye mfuko wako.

Gari la huko baridi lina faida yake pia: mara nyingi huja na betri kubwa zaidi na hita ya nyuma. Asubuhi ya Julai Kaptagat utamshukuru Mjapani huyo usiyemjua.

10. Kama unataka fowili ya kweli, Mitsubishi walianza mapema

Delica ndiyo vani iliyoweka wazo hili mbele ya watu. Star Wagon ya fowili ilitoka 1982, ikitumia mitambo ya ukoo wa Pajero, ikiwa na gia ya chini. Mwaka 1986 kikaja kizazi kilichofuata, ambacho hapa tunakijua kwa jina la L300. Space Gear ya 1994 ikaongeza mfumo wa Super Select, ule wa kuchagua hali ya kuendesha kwa wenzo. Hizo mbili hupanda kwelikweli, na bado ziko mitaani, zikiwa na mafundi wao maalumu na spea zao za kutafutwa kwa tochi.

Inayokuja sasa ni Delica D:5, iliyozinduliwa Januari 2007. Ni gari zuri lenye sura ya mdogo wake Pajero, lakini ni la karne hii: halina gia ya chini, lina swichi ya kuzungusha yenye tairi mbili, fowili ya otomatiki na kufunga. CV5W ni petroli ya lita 2.4 ya fowili. CV1W ni dizeli ya lita 2.2. Dizeli ya kuanzia 2019 inahitaji pia maji ya urea, kama malori mapya, na yakiisha injini inagoma kuwaka. Kuna toleo liitwalo Chamonix, jina la mji wa michezo ya theluji huko Ufaransa. Viti vyake ni vya raha. Sisi tuna mvua ya mawe, inatosha.

11. Noah na Voxy: tano mwishoni, la sivyo usijisumbue

ZRR85 ni fowili ya heshima kwa familia ya mjini yenye shamba Ziwa au Kesses. Kwa Noah, X ni ya kawaida, G ni ya starehe, Si ni ile iliyopambwa kwa bampa za michezo. Kwa Voxy, X na V, kisha ZS. "Kirameki" ni ZS iliyong'arishwa zaidi. Neno lenyewe kwa Kijapani ni kumetameta. Hizo bampa za chini za Si na ZS ndizo zitakazobaki kwenye mtaro wa kwanza, kwa hiyo kama unakwenda shamba, G yenye bampa za kawaida ni busara kuliko ZS ya kumetameta. Na mtu akikuuzia Noah ya haibridi ya mwili huo, ZWR80, akisema ni fowili, mpe chai aende. Ilitengenezwa ya kuvuta kwa tairi za mbele tu.

12. Hesabu miaka minane

Kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala gari lenye usukani wa kushoto. Kwa 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018. Weka hilo karibu na yale ya Desemba 2017 hapo juu, utaona kitu: dizeli za HiAce zinazoshuka bandarini sasa ni GDH. KDH206 utakayoonyeshwa Eldoret imekwisha kutumika hapa nchini, hata iwe imeoshwa vipi. Hilo si kosa, 1KD ni injini ngumu, lakini usilipe bei ya "imetoka melini juzi".

13. Jiulize kama unaihitaji

Difu ya ziada ni uzito, mafuta na vibuti vya mpira vya kubadilisha. Eldoret hadi Kitale, Kapsabet, Webuye, Nakuru: lami tupu. Kwa njia hizo KDH201 yenye tairi nzuri inatosha na pesa inabaki. Fowili ni ya wabeba maziwa wa Cherangany, makocha, mafundi wa mashambani, na wale ambao nyumba yao iko mwisho wa kilomita mbili ambazo kaunti huzikumbuka miaka ya uchaguzi.

Mimi bado ninayo ile nyeupe, maana kila mnunuzi siku hizi anapiga magoti kwanza. Ukiiona upande wa Moiben mwezi wa Aprili, kibandiko kikiwa mlangoni na tope hadi vioo, simama unisaidie kusukuma.